Namba za kodi (chords) za kinanda: nitapataje mwandiko wa mkono kwenye kompyuta?

Mpiga kinanda, Kondele: Habarini wanamuziki. Mwimbishaji wetu hubadilisha kii (key, sauti ya msingi ya wimbo) ibada ikiendelea: tumezoea G, sauti zikichoka anashuka F. Ndiyo maana nawaandikia wenzangu namba, 1 5 6- 4, wala si herufi: namba ni nafasi ya kodi kwenye kii, haibadiliki kii ikishuka, na alama - ni maina (minor). Karatasi zangu zimelowa jasho hadi 1 na 7 hazitofautiani. Nataka kuchapa, ila sura ya kalamu ibaki, ile nene inayosomeka ukiwa umesimama. Nitumie programu gani?

Besi, Nakuru: MuseScore, ni ya bure. Bofya noti, fungua Add, Text, kisha Nashville Number, ndilo jina la mfumo huo wa namba. Halafu nenda Format, Style, Text Styles, uchague Nashville Number, kisha fonti ya MuseJazz. Hiyo ndiyo yenye mwandiko wa mkono.

Mwalimu wa kwaya, Kakamega: Na usisahau alama zenyewe. Namba ndani ya almasi: piga mara moja, iache ilie. Namba mbili zikigawana baa moja (bar, kipimo kimoja cha mapigo), zipigie mstari chini. Bila hizo mpiga ngoma atapotea.

Mpiga kinanda, Kondele: Asanteni sana, ndugu zangu. Nimechapa wimbo mmoja, na 6- inaonekana vizuri kabisa. Almasi nitachora kwa kalamu kwanza, mazoezi ni Jumamosi.