Laptopu ya chuoni kwa aliye Arua: Jumia, Jiji, duka la TikTok, au nimtume mtu Kampala?

MamaAsha_Arua
Salaam aleikum nyote. Binti yangu anaanza masomo Chuo Kikuu cha Muni na anahitaji laptopu. Nina shilingi 900,000 za Uganda, kwa hiyo natafuta iliyotumika. Kwenda Kampala mwenyewe ni karibu kilomita 500, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi vitatoka kwenye pesa hizo hizo. Nimeona njia nne: Jumia (soko la mtandaoni), muuzaji wa Jiji (tovuti ya matangazo ya vitu vinavyouzwa), duka moja la TikTok, au nimtume shemeji yangu anayekaa Ntinda, Kampala. Wa TikTok ana HP EliteBook kwa 650,000, lakini anataka pesa yote kwa MoMo (pesa za simu za MTN) ndipo aipakie kwenye basi la usiku. Anasema zimebaki mbili. Nishaurini.

FunziOkello
Mama Asha, huyo wa TikTok kwanza tuambie: amekupa namba ya biashara ya MoMoPay au namba yake ya kawaida?

MamaAsha_Arua
Ya kawaida. Ameniandikia "tuma na ya kutolea".

FunziOkello
Basi achana naye. Duka lenye meza na kibao Kampala lina namba ya MoMoPay au ya Airtel, na mteja halipii ya kutolea. Ukipiga *165# ukaingiza namba, jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Soma jina hilo. Kama duka linajiita hivi na laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, bonyeza kughairi. Na hiyo ya "zimebaki mbili" ni ya kukunyima muda wa kuuliza maswali kama haya.

Vifaa_Wilson
Naomba wauzaji pia tusikilizwe. Mimi nauza Kampala na natuma mikoani. Mteja anaagiza, namlipa bodaboda hadi Kira, boda akifika, simu ya mteja imezimwa. Mzigo unarudi, nauli ya boda ni yangu. Ndiyo maana wengi wetu tunaomba kitu kidogo mbele. Si kila anayeomba malipo ya awali ni mwizi.
Lakini kitu kidogo ni nauli ya mzigo, 20,000 au 30,000 hivi, siyo bei ya mashine. Mimi hufanya hivyo, salio mteja analipa akishaona. Anayekataa katakata mtu wako asije kuona mzigo dukani, huyo hana duka.

Mwalimu_Mbarara
Mimi nasimama na Jumia. Ukipokea kitu kibaya kuna pa kukirudisha, na pesa haiko mfukoni mwa mtu usiyemjua. Ila fahamu kwamba vitu vingi pale vinauzwa na wauzaji wengine, Jumia ni soko lao tu. Fungua jina la muuzaji, soma maoni ya wateja waliompa nyota moja na mbili, na usome masharti ya kurudisha ya bidhaa hiyo yenyewe kabla ya kulipa. Muuzaji akikupigia akisema "ghairi oda, nilipe moja kwa moja nikupunguzie", kata simu. Ukitoka nje ya soko, ulinzi wote umeuacha ndani.
Pia usiingie kupitia kiungo cha WhatsApp cha "ofa". Andika anwani mwenyewe au tumia programu yao. Ile alama ya kufuli kwenye kivinjari inasema mawasiliano yamefungwa wasiyasome wengine. Haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu, na matapeli nao wanayo.

Sauda_Busia
Na Facebook je? Huko ndiko nilikoona bei nzuri zaidi.

Mwalimu_Mbarara
Dada Sauda, Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021 na wengi wanaingia kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye mitambo ya watu wengine. Kutazama bidhaa ni sawa, lakini VPN za bure zinapitisha shughuli zako kwa watu usiowajua. Namba za kadi ya benki usiziandike humo.

FunziOkello
Nirudi kwenye laptopu, maana kwa iliyotumika hatari kubwa mara nyingi iko ndani ya mashine. Jumia kwa 900,000 utapata mpya yenye nguvu ndogo. Jiji utapata EliteBook au Dell Latitude nzuri, lakini Jiji ni mahali pa matangazo, na wao wenyewe wanashauri usitume pesa kabla ya kukutana na kukagua. Kwa hiyo ningemtuma shemeji, akutane na muuzaji ndani ya duka, mchana, siyo kwenye kona ya Old Taxi Park.

Akiwa pale afanye hivi, asiharakishwe. Azime, awashe, aone kama inadai nenosiri kabla Windows haijaanza. Ikidai na muuzaji halijui, aiache. Kisha aombe irudishwe upya kama ya kiwandani na aiunganishe na intaneti ya simu yake mbele ya muuzaji. Nyingi zimetoka makampuni ya Ulaya, na zile ambazo kampuni haikuziondoa kwenye orodha yake zitadai akaunti ya kazi ya kampuni hiyo mara zikikamata mtandao. Bila intaneti tatizo hili halionekani, ndiyo maana mtu anakuuzia akikuhakikishia kuwa ni nzima. Unafika Arua, binti anaunganisha, inafunga.

Betri nayo: afungue Command Prompt ya Windows, aandike powercfg /batteryreport. Ripoti inaonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo ilionao sasa. Ikiwa chini ya nusu, punguza bei au omba betri nyingine. Kwa umeme wetu wa West Nile, mwanafunzi hawezi kusoma kwa betri ya dakika 40.

MzeeRajab_Bombo
Nyongeza kuhusu risiti. Mwombe shemeji adai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya URA (mamlaka ya mapato) yenye msimbo wa QR. Inahakikiwa kwenye tovuti ya URA. Maduka madogo mengine hayajasajiliwa, hivyo kukosekana kwake hakumaanishi wizi. Basi achukue ya kawaida, yenye namba ya serial ya mashine, jina la duka, jengo, na siku za dhamana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inamtaka anayeuza mtandaoni atoe jina lake kamili, anwani anayopatikana na bei kamili. Anayeficha jengo alipo, usimpe hata nauli.

MamaAsha_Arua
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeongea na shemeji, Jumamosi ataenda kwa muuzaji wa Jiji mwenye duka Kampala Road. Je, alipe yeye au nilipe mimi?

Vifaa_Wilson
Lipa wewe, Mama, kwa namba ya MoMoPay ya duka, shemeji akiwa amesimama pale na ukaguzi umekwisha. Asikutumie namba nyingine "ya bosi". Muuzaji asipoamini ujumbe wa malipo, aangalie salio lake kabla shemeji hajaondoka, kwa sababu nasi tunaletewa ujumbe wa kughushi. Kwenye basi, shemeji apige picha ya serial na ya risiti ya mzigo, aandike jina lako lilivyo kwenye kitambulisho, na aufunge kwa utepe aliousaini. Ukipokea, fungua palepale ofisini mwa basi.