Baiskeli ya mbio niliyonunua mtandaoni: "uma wa kaboni" unanasa sumaku!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Wiki tatu nimesubiri huu mzigo. Tangazo nimelipiga picha kabla hawajalifuta, lilisema hivi: fremu ya alumini, uma wa mbele (ile miguu miwili inayoshika gurudumu) wa kaboni, gia 22, kilo 8.2, "imefungwa tayari, unapanda tu". Nikalipa yote, tena nikicheka peke yangu kama chizi.

Jana jioni boksi limefika. Nafungua, gurudumu la mbele limefungwa ubavuni mwa fremu kwa vibanio vya plastiki, usukani unaning'inia kwenye nyaya za breki, pedali zimo kwenye kifuko. Sawa, baiskeli za boksi ndivyo zinavyokuja, hilo nalijua. Ila basi usiniandikie "unapanda tu". Karatasi ya maelekezo ni moja, na mchoro wake ni wa baiskeli ya milimani yenye shokapu. Yangu haina shokapu hata ya dawa.

Na hiyo karatasi haisemi popote kwamba pedali ya kushoto inakazwa kinyume, yaani unazungusha kinyume cha saa. Mimi najua kwa sababu utotoni niliua krenki (mkono unaoshika pedali) ya baiskeli ya kaka yangu, na kibano nilichopata sijakisahau. Asiyejua ataweka spana, atalazimisha, nyuzi za tundu la pedali zisagike, na baiskeli iwe mbovu kabla haijatembea hata mita moja.

Sasa njooni kwenye uma, maana hapo ndipo niliposhikwa pabaya.

Ulikuwa umegeuzwa, breki ya mbele inatazama nyuma. Huwa wanageuza ili boksi litoshe, lakini mtu akikuuzia kitu akakwambia kimeshafungwa, unadhani ndivyo kilivyo. Nilishaanza kufunga gurudumu hivyohivyo! Nilishtuka pale nilipokunja usukani, kiatu kikagusa tairi. Nikaugeuza, nikachukua bisibisi yangu yenye sumaku kwenye ncha ili nirekebishe breki. Bisibisi ikavutwa. Tik! Ikanata kwenye uma.

Nikaitoa, nikairudisha. Tik. Nikajaribu kwenye fremu, hainati, alumini kweli. Nikarudi kwenye uma juu, katikati, chini, miguu yote miwili. Tik, tik, tik. Wakuu, kaboni hainasi sumaku. Hicho ni chuma. Ule ufumaji mweusi mzuri wa kaboni unaouona kwenye picha ni stika. Nimeukwangua kwa ukucha pale karibu na ekseli ukabanduka kama lebo ya chupa, chini yake kuna rangi ya kijivu na tone la kuchomelea.

Chuma chenyewe sikichukii, uma wa chuma mzuri unadumu miaka na miaka. Ninachokichukia ni mtu kukaa chini, akakata stika, akaibandika taratibu bila mapovu, akijua kabisa anachofanya. Hiyo si bahati mbaya ya kiwandani. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye muda.

Nikaanza kutilia shaka kila kitu. Gia: mbele sahani za meno mbili, hapo sawa, nyuma nikahesabu saba. Nikahesabu tena kwa kidole, saba. Mbili mara saba ni 14, hizo 22 wamezitoa wapi? Na nyuma ni friwili ya kukazwa kwa kuzungusha, ile ya baiskeli za kawaida. Uzito: nilipanda mzani nikiwa nimeibeba, nikatoa uzito wangu, ikabaki 12.6. Kilo nne na ushee zaidi! Hata wale wanaoshindana kimataifa hawaruhusiwi baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo 8.2 ni baiskeli nzuri kwelikweli, na mimi nilitakiwa nijiulize inapatikanaje kwa hela ile. Hapo nakubali, tamaa ilinifumba macho.

Spoki za nyuma nyingine ukizibana kwa vidole zinalegea kama kamba ya kuanikia. Rimu inayumba, kila mzunguko inagusa breki upande mmoja. Tairi ndizo pekee sina neno nazo.

Nimewaandikia wauzaji usiku uleule na video ya sumaku. Jibu la kwanza: "Ndugu mteja, kaboni yetu imeimarishwa." Imeimarishwa na nini, misumari? Nikabana, wakaja na la pili: nirudishe kwa gharama yangu, ndani ya boksi lake, na iwe haijawahi kufungwa. Yaani ili nigundue uma ni feki ilibidi niifunge, na kwa kuwa nimeifunga, hairudi. Boksi ninalo, nimelibandika kwa gundi ya karatasi, lakini hiyo ya "haijafungwa" wanataka niirudishe na alama za spana zifutike vipi?

Wadau mnaojua, mambo mawili. Mrija wa juu wa uma nimeupima, ni inchi 1 na 1/8 na hauna nyuzi. Uma wowote wa saizi hiyo utaingia, au kuna kitu kingine nipime kwanza? Na kuna aliyewahi kufanikiwa kurudishiwa hela kupitia benki kwa kesi ya bidhaa tofauti na tangazo? Video ninayo, picha ya tangazo ninayo, na stika yao nimeihifadhi kwenye bahasha.