Ulinganisho: njia ipi inatuliza trebo (sauti za juu) kali kwenye ampu ya CMoy?

SoketiNane (Dar es Salaam)
Wakuu habarini. Nimejenga ampu ya hedifoni ya mfukoni kwa mchoro wa CMoy, ule ambao Chu Moy aliwawekea watu wote mtandaoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Op-ampu (chipu inayokuza sauti) ni OPA2134, betri moja ya volti 9, rezista zinazopanga ukuzaji ni R3 kilo-omu 1 na R4 kilo-omu 10, kwa hiyo inakuza mara 11. Hedifoni ni DT 990 Pro ya omu 250 na muziki unatoka kwenye simu.

Besi imetulia na mwimbaji anasikika vizuri, lakini trebo inachoma. Nikiweka taarab, fidla zikipanda pamoja ni kama bati linakwaruzwa, na kila herufi S inapiga sikio. Nusu saa tu nimechoka. Njia nilizokusanya mpaka sasa ni nne: kubadili op-ampu, kuweka rezista kwenye waya unaokwenda kwenye hedifoni, kuweka kapasita ndogo sambamba na R4, au kuacha ampu ilivyo na kutumia ikwaliza ya simu. Aliyezijaribu anipe ulinganisho wa kweli kabla sijawasha pasi ya risasi.

kinubi_254 (Nairobi)
Anza na op-ampu, ndiyo moyo wa kitu chote. NE5532, op-ampu nyingine, inapatikana mtaa wa Luthuli kwa bei ya chini sana na wengi husema sauti yake ni nzito, haichomi. Umeweka soketi, si ndiyo? Basi ni kazi ya dakika moja.

Mizani (Tanga)
Kinubi, kwa heshima, NE5532 usiiweke kwenye mchoro huu bila kubadili kitu kingine. Miguu yake ya kuingiza sauti hunyonya mkondo, kwa kawaida nanoampea 200 hivi. Mkondo huo ukipita kwenye R2, rezista ya mlangoni ya kilo-omu 100, unazaa milivolti 20, ampu inazikuza mara 11, na hedifoni inabaki na karibu milivolti 220 za DC (umeme usiogeuka, kama wa betri) saa zote. Diafragmu inasukumwa upande mmoja hata muziki ukiwa umezimwa. OPA2134 ina FET (transista isiyonyonya mkondo wa maana) mlangoni, mkondo wake ni pikoampea chache, ndiyo maana inafaa hapa.

Kisha tujiulize op-ampu inaweza kubadili trebo kwa njia gani. OPA2134 ina upana wa masafa wa MHz 8 inapokuza mara 1. Gawanya kwa 11, unabaki na zaidi ya kHz 700. Sikio la binadamu linaishia kHz 20, kwa hiyo ndani ya eneo hilo mstari wake umenyooka. NE5532 nayo vilevile. Mtu akibadili aisii (yaani chipu ya op-ampu) na trebo ikageuka sana, mimi huanza kuamini kwamba ile ya kwanza ilikuwa inatetemeka yenyewe kwenye masafa ya juu tusiyoyasikia, au ni feki.

SoketiNane, kabla ya kuchagua lolote pima haya mawili.

Chomoa waya mmoja wa betri, pitisha mita hapo, soma mkondo bila muziki. OPA2134 hula miliampea 4 kwa kila upande, yaani 8. Rezista mbili za kugawa betri, zikiwa za kilo-omu 4.7, zinaongeza kama 1, na taa ya LED ina yake. Ukiona 20 na zaidi huku aisii inachemka kidoleni, inatetemeka. Dawa yake ni kapasita ya kauri ya µF 0.1 kati ya mguu wa 4 na wa 8, ile ya umeme, ikiwa imebana kabisa kwenye soketi. Ukiiweka sentimita tano kutoka hapo, kazi yake imepungua sana.

La pili, sikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Betri ya volti 9 inakupa volti 4.5 kila upande, na op-ampu haifiki mpaka ukingoni. Simu ikitoa volti 1 na wewe unakuza mara 11, vilele vya muziki vinakatwa, na mkato huo masikioni unasikika kama trebo chafu. Ukali ukiisha kwa sauti ndogo, mkosaji ni ukuzaji.

mama_Rayyan (Mombasa)
Mimi nilijaribu rezista. Niliweka omu 47 kwenye hedifoni yangu ya Grado ya omu 32. Sauti ilishuka sana, karibu desibeli 8, na trebo ikabaki palepale. Besi ndiyo iliyobadilika, ikawa imelegea kidogo. Kwa hedifoni ya omu 250 hutaona tofauti ya maana upande wa juu. Lakini rezista ina faida yake nyingine: inaitenga op-ampu na waya mrefu wa hedifoni, na waya ule ni kapasita pia. Kama tatizo lako ni mtetemeko anaousema Mizani, hapo inasaidia.

msumari_wa_Kigoma
Na kapasita za mlangoni je? Nimesoma kwamba kauri ina sauti kali, ukiweka ya filamu inalainika.

Mizani
Filamu ni bora, lakini haitatuliza trebo. Kapasita ya µF 0.1 na rezista ya kilo-omu 100 zinakata chini ya Hz 16. Kwenye kHz 8 hakuna volti ya maana inayobaki juu ya kapasita hiyo, kwa hiyo haina nafasi ya kuharibu chochote huko. Kasoro za kauri pale zitajitokeza kwenye besi.

SoketiNane
Ahsanteni sana. Nimepima: mkondo uko kama miliampea 11 taa ikiwa inawaka, aisii haina joto. Kauri ya 0.1 ipo na imebana. Kwa sauti ndogo ukali bado upo, hata betri ikiwa mpya.

Mizani
Basi ampu yako ni nzima. DT 990 inajulikana kwa mlima wake wa trebo, kilele chake kikiwa karibu na kHz 8, palepale herufi S inapokaa. Ampu inakuletea kwa uaminifu kilichomo. Zimebaki njia mbili za kweli, kapasita kwenye R4 na ikwaliza.

Kapasita sambamba na R4 ya kilo-omu 10: ukiweka nF 1, kHz 8 inashuka desibeli 1 tu. Wengi hawataisikia. Ukiweka nF 1.5 inashuka 2. Ukiweka nF 2.2 inashuka kama 3.4, lakini angalia kHz 15, huko unapoteza 7. Hapo ndipo ubaya wa njia hii ulipo: haichagui. Kila kilicho juu kinashuka, na kinapoenda juu zaidi kinashuka zaidi. Matoazi na ile mikwaruzo midogo ya kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) vinafifia.

Ikwaliza inang'ata pale tu unapotaka. Programu kama Wavelet kwa Android ina mipangilio tayari kwa hedifoni nyingi, DT 990 ikiwemo. Mimi ningeipa ushindi kwa usahihi. Udhaifu wake ni kwamba inakaa kwenye simu. Ukichomeka kwenye redio au kompyuta ya ndugu, ukali umerudi.

mama_Rayyan
Kwa mtu anayesikiliza vyanzo vingi mimi ningechagua kapasita, ila ndogo. Na usiichomelee moja kwa moja. Kata vipande vya soketi ya aisii, vichomelee kwenye miguu ya R4, uwe unachomeka na kuchomoa thamani tofauti huku unasikiliza wimbo uleule. Tumia filamu au kauri ya aina ya C0G, usitumie kauri ya X7R, kwa sababu volti zote za muziki zinapita juu yake na thamani yake hubadilika nazo. Chagua mbili zinazolingana kwenye mita, la sivyo sikio moja litakuwa na giza kuliko jingine.

kinubi_254
Hiyo ya milivolti 220 sikuwa nayo, shukrani Mizani. Swali: akipunguza ukuzaji, hesabu za kapasita zinabadilika?

Mizani
Akibadili R3 iwe kilo-omu 3.3, anakuza mara 4, na kwa simu hiyo zinamtosha. Mahali kapasita inapoanza kukata panategemea R4, kwa hiyo hapasogei. Upungufu wenyewe unabadilika kwa sehemu ndogo ya desibeli. Na kitufe cha kuongeza sauti kinakuwa rahisi kukirekebisha, sauti hairuki.

SoketiNane
Nimebadili R3 na kuweka nF 1.5 za filamu kwenye soketi. Kwenye simu naongeza ikwaliza kidogo, desibeli 3 chini kwenye kHz 8. Jana usiku nimesikiliza kaseti nzima ya qaswida niliyoigeuza kuwa faili, na S zimekaa ndani ya neno. Bila ikwaliza, kwenye redio, bado kuna ukali kidogo lakini unavumilika.

mama_Rayyan
Mashallah. Nami nataka kujaribu kwa Grado, ila R4 yangu ni kilo-omu 5.1. Niweke ngapi?

Mizani
R4 imepungua karibu nusu, kapasita iongezwe karibu mara mbili. nF 3.3 itaanza kukata kHz 9.5, nF 2.7 itaanza 11.5. Anza na 2.7, dada.