Opel iliyotumika: Corsa ya 2020 au Astra ya 2016?

Kutoka: Muuguzi mwanafunzi, Mainz

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Naombeni ushauri kwa mliotangulia huku. Nimepangiwa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee nje ya mji, na kule basi ni la kubahatisha, Jumapili ndiyo usiseme. Leseni ninayo tayari. Ile ya Kenya inakubalika miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo unarudia nadharia na barabarani, na nadharia nimeifanya kwa Kiingereza kwa kuwa Kiswahili hakimo kwenye lugha wanazoruhusu. Kilichobaki ni gari. Nimejiwekea euro 10,000, mkopo sitaki.

Nimeona mawili. La kwanza ni Corsa ya 2020, petroli, 1.2 turbo, imetembea kilomita 71,000, iko kwa muuzaji wa magari. La pili ni Astra ya 2016, 1.4 turbo, kilomita 98,000, inauzwa na mwenyewe, mzee mmoja mstaafu. Kazini nikitaja Opel, wenzangu Wajerumani wanacheka. Kuna aliyeniambia heri nitembee kwa miguu. Nyumbani gari la Kijerumani ni Mercedes au Volkswagen, na Opel mimi niliijua kwenye jezi ya AC Milan ya kaka yangu, ile ya enzi za George Weah. Hiki kicheko kina msingi? Na hii ni kampuni ya namna gani hasa?


Kutoka: Mkaazi wa zamani, Rüsselsheim

Marahaba binti. Umeuliza mtu anayekaa mji wenyewe wa Opel, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Ukitaka kujua Opel fulani ni gari la namna gani, tafuta kwanza kampuni ilikuwa mali ya nani wakati gari hilo linabuniwa. Kampuni hii imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mwenye mali ameacha alama yake chini ya boneti. Hao wenzako wanacheka Opel moja, wewe unataka kununua nyingine kabisa.

Adam Opel alianza hapa Rüsselsheim mwaka 1862 na cherehani, kwenye banda la ng'ombe la mjomba wake. Baiskeli zikafuata 1886. Alifariki 1895 bila kuona gari lenye jina lake. Mjane wake Sophie pamoja na wana wao watano ndio walioingia kwenye magari, mwaka 1899, na walipoona magari yao ya kwanza hayauziki wakageukia Ufaransa kuchukua leseni ya Darracq. Moto ulipoteketeza kiwanda mwaka 1911, walipojenga upya hawakurudi tena kwenye cherehani. Mwaka 1924 wakatoa kigari cha kijani kilichoitwa Laubfrosch, yaani chura wa mitini, na hicho ndicho gari la kwanza Ujerumani kuunganishwa kwenye mkanda unaotembea. Kilifanana na Citroën ya wakati ule kiasi kwamba Wafaransa walikwenda mahakamani, wakashindwa. Kumbuka hao Wafaransa, watarudi.

Mwaka 1929 General Motors ya Marekani ikanunua asilimia 80 ya hisa, na kufikia 1931 ikamiliki kampuni yote. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 90, Opel ni gari la Kijerumani lenye bosi Detroit. Wakati wa Wanazi kampuni iliunda lori la Blitz, lililobeba jeshi la Hitler, na humu humu mjini walifanyishwa kazi kwa nguvu watu walioletwa kutoka nchi zilizotekwa. Nalisema kwa sababu ni sehemu ya historia ya jina hili, na mtu anayekaa hapa hawezi kuliruka. Vita vilipokwisha, Wasovieti walidai mitambo ya Kadett, gari dogo la Opel, na gari lile lile likazaliwa upya Moscow likiitwa Moskvitch 400.

Miaka ya 1960 na ya 1970 hakuna aliyecheka. Kiwanda cha Bochum kilifunguliwa 1962 kuunda Kadett, na mfanyakazi wa kawaida wa Ujerumani alikuwa anachagua kati ya Kadett na kobe wa Volkswagen. Rekord na Kapitän yalikuwa magari ya wakuu wa shule na madaktari wa wilaya. Hata taksi zilikuwapo.

Kicheko kilianza baadaye, na kina sababu mbili. Kuna vichekesho vya Manta, gari la vijana wa mjini wenye mbwembwe, hivyo vilikuwa utani tu. Sababu ya pili ndiyo nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mkuu wa manunuzi Opel alikuwa Mhispania, Ignacio López. Aliwabana wauzaji wa spea bei mpaka wakakosa pumzi, nao wakaleta vitu vya bei hiyo. Faida ikapanda, ubora ukashuka. Magari yakaanza kula kutu kwenye madigadi na chini ya milango, na huku wanamwaga chumvi barabarani msimu mzima wa baridi, kwa hiyo kutu hiyo ilionekana na kila mtu. López akapandishwa kwenda Detroit, kisha 1993 akahamia Volkswagen, na ugomvi wa siri za kampuni uliofuata ulimalizika 1997 kwa Volkswagen kulipa dola milioni 100 na kuahidi kununua spea za dola bilioni moja kutoka General Motors. Mimi naamini jina la Opel lilichafuliwa na watu wa ofisini. Hawa majirani zangu waliokuwa wakifunga milango na viti kiwandani walikuwa mafundi wazuri mno, na liliwauma.

Astra iliyotoka 1998 ilikuja na bodi iliyopakwa zinki, na kutu ya namna ile ikaisha. Lakini baba ambaye Kadett yake ilioza kwa kutu amewarithisha watoto wake kicheko, na hao ndio wenzako kazini. Kampuni yenyewe ililijua hilo. Mwaka 2014 waliweka mabango nchi nzima ya kuwataka watu wabadili fikra, na wakamtumia Jürgen Klopp kwenye matangazo.

Pesa nazo zilikuwa zimepotea. Baada ya 1999 kampuni haikupata faida tena chini ya Wamarekani. Mwaka 2009 iliponea chupuchupu kuuzwa kwa Magna ya Kanada, General Motors ikaghairi dakika za mwisho. Bochum ikafungwa Desemba 2014. Tarehe 1 Agosti 2017 ikawa mali ya PSA, kampuni ya Peugeot na Citroën, ndio wale Wafaransa, na mwaka uliofuata tu ikapata faida ya euro milioni 859. Tangu 2021 zote ziko ndani ya kampuni kubwa inayoitwa Stellantis.

Sasa magari yako. Astra ya 2016 ni ya Wamarekani, imebuniwa hapa Rüsselsheim, na ndiyo iliyochaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 2016. Corsa ya 2020 ni ndugu wa tumbo moja na Peugeot 208, injini na kila kitu. Kuhusu injini hiyo nawaachia mafundi.


Kutoka: Mkenya wa Luton

Mzee, asante. Niongeze kidogo kwa upande wa nyumbani. Huku Uingereza Opel inauzwa kwa jina la Vauxhall, ambayo General Motors iliinunua 1925, na Vauxhall ndiyo iliyokuwa ikitengeneza malori ya Bedford. Kwa hiyo mzazi yeyote aliyesafiri juu ya gunia za mahindi kwenye Bedford amekwisha kupanda ndugu wa Opel. Na Isuzu Trooper mnayoijua, Ulaya iliuzwa kama Opel Monterey. Hata ule mwaka 2017 wa kuuzwa Opel ndio General Motors ilipouza hisa zake za Nairobi kwa Isuzu, ikawa Isuzu East Africa. Kiwanda cha magari ya mizigo hapa Luton nacho kimefungwa Machi 2025, na mji umepooza.


Kutoka: Fundi, Bochum

Salaam. Mimi ni fundi gereji, na kila siku napita pale palipokuwa kiwanda. Sasa kuna kituo kikubwa cha vifurushi cha DHL, na jengo la zamani la utawala limeachwa limesimama. Haya, turudi kwenye injini.

Usitegemee mwaka peke yake, tazama modeli. Crossland na Grandland za 2017 zilikuwa na mwili wa Peugeot tayari, maana ziliandaliwa kwa ushirikiano kabla ya kampuni kuuzwa. Astra nayo iliendelea na mwili na injini za upande wa Wamarekani hadi 2021. Corsa ya sasa ilianza mwishoni mwa 2019.

Hiyo 1.2 ya Corsa inaitwa PureTech. Mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya injini, ndani ya oili. Ukiendesha safari fupi fupi, petroli inachanganyika na oili, mkanda unavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, kisha unamenyeka. Vipande vinaziba chujio la chini la oili, presha inashuka, na vingine vinaathiri pampu inayosaidia breki, unakuta pedali imekuwa ngumu. Si injini zote zimeharibika, na iliyotunzwa vizuri inakwenda. Mwaka 2024 Stellantis iliongeza muda wa kugharimia tatizo hili hadi miaka 10 au kilomita 175,000, ila lazima uoneshe kumbukumbu za sevisi. Injini mpya zaidi, za haibridi (petroli pamoja na umeme), zimewekewa cheni.

Ukienda kuiona, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mkanda unauona kwa macho, chukua tochi. Ukiwa na nyufa au kingo zilizochanika, funga kifuniko uage. Kuna kipimo cha upana wake, gereji za Opel na Peugeot wanacho, mkanda uliovimba haupiti kwenye kipimo. Kitabu cha sevisi kiwe kamili na oili iwe ya kiwango kilichoandikwa, si oili yoyote ya dukani.

Hiyo Astra 1.4 turbo ina cheni, haina mkanda. Ugonjwa wake ni pistoni kupasuka mtu akikanyaga mafuta mpaka chini wakati injini inazunguka polepole huku gia iko juu. Tumia oili ya dexos1 kizazi cha pili, na panda mlima kwa gia ya chini. Iwashe ikiwa imelala usiku kucha, usikilize sekunde za mwanzo: cheni ikigongagonga usinunue.


Kutoka: Mama wa Kassel

Binti, mimi sijui pistoni ila karatasi nazijua. Muuzaji wa magari akikuuzia wewe mtumiaji wa kawaida, anawajibika kwa kasoro angalau mwaka mmoja. Mstaafu anayeuza lake anaruhusiwa kuandika kwamba hatoi dhamana, na wengi huandika. Hiyo ni faida ya Corsa. Lakini soma mkataba neno kwa neno. Wapo wauzaji wanaochomeka kwamba gari ni la kusafirishwa nje tu au ni la kuchezea mafundi, ili wakwepe huo mwaka. Ukiona hivyo, kalamu weka chini.

Kabla hujalipa omba kuona karatasi zote mbili za usajili, ile ndogo na ile ya umiliki. Kwenye ile ndogo, kisanduku 2.1 na 2.2, kuna namba za mtengenezaji na za modeli. Wape watu wa bima namba hizo wakupigie hesabu, maana wewe unaanza bila historia ya bima huku na bima ya mwaka wa kwanza inaweza kukushtua kuliko gari. Angalia pia TÜV, yaani ule ukaguzi wa lazima wa gari, inaisha lini. Ni kila miaka miwili, na gari lenye TÜV ya mwezi mmoja lina sababu ya kuuzwa haraka.


Kutoka: Mtu wa Bukavu, Antwerpen

Nami nisalimie. Kiwanda cha Opel cha hapa Antwerpen kilifungwa mwisho wa 2010, na wazee wa mtaa wetu bado wanazisifu Astra zao walizounda wenyewe. Dada, kama unawaza kuja kulipeleka gari Mombasa siku moja, sahau: Kenya inataka usukani wa kulia na gari lisizidi miaka minane. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo la usukani wa kushoto linapita. Ukifika wakati wa kuliuza, wanunuzi wa kusafirisha watakutafuta, na Astra inawavutia kwa spea zake rahisi.


Kutoka: Muuguzi mwanafunzi, Mainz

Asanteni sana, nimesoma kila neno, na ya Mzee nimesoma mara mbili. Nimekwenda kuiona Corsa. Kitabu cha sevisi kina pengo, sevisi moja haipo, na muuzaji anasema ilifanyika ila haikugongwa mhuri. Kifuniko cha oili alinifungulia lakini injini ilikuwa ya moto na nilikuwa sina tochi. Mstaafu wa Astra ana risiti zote kwenye faili, amezipanga kwa mwaka. Bima ya Astra imetoka juu kidogo. Nifanyeje?


Kutoka: Fundi, Bochum

Injini kuwa ya moto kabla hujafika, hiyo nayo ni habari. Mwambie muuzaji mkanda upimwe gereji ya Opel, nawe uwepo, matokeo yaandikwe kwenye mkataba, na risiti ya sevisi iliyokosekana itafutwe kwa aliyeifanya. Bila hiyo risiti, ile dhamana ya miaka 10 itakuwa na mabishano. Akikataa hata moja, mpigie mstaafu kesho asubuhi umwombe asiwashe gari mpaka ufike. Nitumie sauti ya cheni kwenye simu, nitaisikiliza kabla sijaingia kazini.