Kampuni inalipwa kwa jina langu, mimi napewa makombo: wahandisi wa Zanzibar tuseme

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi huu nimeuweka kwenye kazi na ajira, si kwenye siasa, na naomba ubaki hapa. Unahusu mishahara ya wahandisi Unguja na Pemba, khasa sisi tulioajiriwa na kampuni za ushauri na wakandarasi kwenye miradi ya serikali. Nina hasira na sitapunguza maneno.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Shahada ninayo, mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu nimeyamaliza, nimesajiliwa, na ada ya usajili nalipa mwenyewe kila mwaka. Sasa hivi ni mhandisi mkaazi, yaani anayekaa saiti kusimamia kazi kila siku, wa mradi mmoja wa majengo kisiwani Pemba. Kampuni siitaji, na atakayeitambua naomba naye asiitaje. Mkataba wangu unasema milioni moja na laki moja kwa mwezi kabla ya makato. Ikitoka michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, ikitoka kodi ya mapato, likitoka deni la mkopo wa chuo, kinachoingia benki ni laki saba na kidogo. Kila nikiuliza naambiwa ndiyo bei ya soko, na kwamba kuna vijana wengi mlangoni wanaitaka nafasi yangu.

Juzi kwenye kikao cha saiti, mwakilishi wa mwenye mradi akafungua ankara ya kampuni kuuliza jambo kuhusu mafuta ya gari. Karatasi ikapita mkononi mwangu. Kuna mstari umeandikwa jina langu, namba yangu ya usajili, "mhandisi mkaazi, mwezi mmoja", na mbele yake milioni nne na laki nane. Chini yake mstari mwengine: posho ya makaazi ya mhandisi mkaazi. Hiyo posho sijawahi kuiona hata mara moja. Nilipoiomba mwanzo wa mkataba nikajibiwa, "Wewe kwenu Pemba, una nyumba ya wazee, makaazi ya nini?"

Kwa hiyo serikali inalipa nyumba yangu, na mama yangu ndiye anayenilaza bure. Fedha ya nyumba inabaki mjini.

Kabla hajaja mtu kunifundisha biashara, najua kampuni ina gharama. Ofisi ina kodi, kuna mhasibu, kuna bima ya kitaaluma, kuna dhamana za benki, na malipo ya serikali yakichelewa mwenye kampuni anakopa ili atulipe. Faida nayo ni haki yake, hakuna anayefungua kampuni kwa sadaka. Lakini angalieni ankara ile ile: gari ina mstari wake. Mafuta yana mstari wake. Uchapishaji wa ripoti una mstari wake. Hata vifaa vya kupimia vina mstari wake. Vingi mtakavyonitajia kuwa vinakula ile milioni nne vimeshalipwa pembeni. Sasa ile tofauti ya zaidi ya milioni tatu na nusu kila mwezi, kwa mhandisi mmoja, inakwenda wapi? Na sisi wahandisi kwenye mradi ule ni zaidi ya wawili.

Wasiojua zabuni za ushauri zinavyokwenda niwaeleze, maana hapa ndipo pana uchafu wenyewe. Kampuni haishindi kwa jina lake peke yake. Inatakiwa ipeleke wasifu wa wataalamu muhimu: nani kiongozi wa timu, nani mhandisi wa miundo, nani mhandisi mkaazi, nani wa vipimo vya udongo. Kamati inatoa alama kwa elimu yao, miaka yao kazini, miradi waliyosimamia. Sehemu kubwa ya alama za kitaalamu iko hapo. Ndiyo maana siku mbili kabla ya kufunga zabuni simu zinaanza kupigwa usiku: "Ndugu yangu, nitumie wasifu na cheti cha usajili, tia saini kila ukurasa." Ukishatia saini, bei yako wanaiandika wao kwenye bahasha ya fedha. Wewe huionyeshwi. Wakishinda wanakuita mezani uzungumze mshahara, na hapo huna tena cha kushikia kwa sababu wasifu ulishafanya kazi yake. Ukikaza shingo, wanaandika barua kwa mwenye mradi kuwa umepata udhuru, wanamleta kijana aliyemaliza chuo jana kwa nusu ya hicho ulichokikataa, na ankara inaendelea kutoka kwa kiwango kile kile.

Hili linajulikana na taratibu za kulizuia zipo. Kwenye mikataba ya ushauri inayolipwa kwa muda, fomu za Benki ya Dunia zina jedwali ambalo kampuni inatakiwa ivunje bei ya kila mtaalamu: mshahara wa msingi, michango ya hifadhi ya jamii, gharama za uendeshaji, faida, posho za kukaa mbali na nyumbani. Maana yake kuna mahali kampuni inatangaza kwa saini yake kwamba mhandisi huyu tunamlipa kiasi hichi. Swali langu ni moja tu kwa wanaolipa ankara hizi: mmewahi kudai karatasi ya mshahara wa mhandisi mkailinganisha na ile fomu? Nondo mnazihesabu moja moja. Mifuko ya saruji mnaihesabu. Mshahara wa mtu mnauamini kwa maneno.

Najua vilevile mshahara wa mhandisi haulingani popote duniani. Marekani idara yao ya takwimu za kazi hutoa jedwali kila mwaka. La Mei 2023 lilionyesha mhandisi wa ujenzi wa kati kwa kati anapata dola 95,890 kwa mwaka, wa mafuta dola 135,690. Wa mafuta hakuzaliwa na akili zaidi. Anafanya kazi mahali ambapo fedha ni nyingi na mishahara ni sehemu ndogo ya gharama zote, basi mwajiri habani. Huku kwetu ni hivyo hivyo: fani, uzoefu, usajili, ukubwa wa mradi, nani anautia fedha, mji au shamba, vyote vinagusa mshahara. Mkopo wa nchi fulani mara nyingi huja na mkandarasi wa nchi hiyo, na mkandarasi huja na wahandisi wake wanaolipwa dola, nyumba na tiketi za ndege. Linauma ukiwa mnasaini fomu moja ya kumwaga zege, lakini angalau sababu yake inaonekana kwenye mkataba wa mkopo. Na wala sidai dola za Marekani. Ninachokitazama kwenye jedwali lile ni kwamba lipo hadharani. Kijana wa kule akienda kwenye usaili anajua bei yake. Mimi bei yangu nimeijua kwa bahati ya karatasi kupita mkononi.

Mkulima wa karafuu wa Mtambwe anajua kabla hajafunga gunia kuwa daraja la kwanza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wananunua kwa shilingi ngapi na la pili ngapi. Mhandisi aliyesomeshwa kwa mkopo wa umma anauzwa kwa umma huo huo kwa bei asiyoambiwa.

Na mzigo anaoubeba ni wake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoanguka na watu wawili wakafariki, kila mtu alitaka kujua wahandisi walikuwa wapi. Machi 2013 lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi Dar es Salaam lilipoua watu 36, wahandisi walikuwamo miongoni mwa waliopandishwa kizimbani. Ni sawa, saini ina dhima na mimi siikimbii. Lakini dhima haigawanywi kama mshahara. Siku slebu, sakafu ya zege ya ghorofa, ikishuka hakuna atakayesema, "Huyu alikuwa analipwa robo, basi ashitakiwe robo."

Halafu tazameni tunafanya kazi mahali gani. Hewa ya chumvi, maji ya visima vya pwani yenye chumvi, mchanga unaogombaniwa na mwengine unaletwa usiku usijue umechotwa wapi. Chumvi ikiingia kwenye zege inakula nondo, nondo ikipata kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani, na jengo linaanza kumwaga vipande wakati deni lake bado linalipwa. Wa kuzuia hayo ni mhandisi wa saiti: kukataa mchanga, kukataa maji, kusimamia spesa, vile vipande vinavyotenga nondo na mbao za kumwagia zege, ili nondo zisiguse bodi, kusubiri kyubu, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, zipasuliwe siku ya 7 na siku ya 28 hata kama mkandarasi anapiga kelele. Nimewahi kurudisha gari ya mchanga, na jioni ile ile nikapigiwa simu niambiwe nisiwe mgumu. Mtu mwenye laki saba, ana watoto skuli, ana deni dukani, na anajua mkataba wake ni wa miezi sita na unaweza usiongezwe, mnataka awe mgumu mpaka lini? Mnampa njaa mlinzi wa fedha zenu. Wapo wanaolegea. Mimi siwatetei, lakini wallahi najua wanalegezwa na nini.

Tangu zile fedha za mkopo wa IMF za 2021, ambazo gawio la Zanzibar lilikuwa shilingi bilioni 230, tumejenga skuli za ghorofa na hospitali za wilaya kila upande. Kazi zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote niliowahi kuuona. Kwa sheria ya soko wanayotuimbia, kazi zikiwa nyingi bei ya mtu ipande. Ankara zimepanda kweli. Mikataba yetu imebaki pale pale.

Ninachokitaka kiandikwe kwenye mikataba ya miradi ya umma: mhandisi aliyetajwa kwenye zabuni apewe nakala ya bei aliyoandikiwa, na ankara isilipwe mpaka iambatane na karatasi yake ya mshahara yenye saini yake. Posho iliyoandikwa kwa jina la mtu ilipwe kwa mtu huyo, awe wa Pemba, wa Makunduchi au wa Mbeya. Na bodi zetu za usajili, ambazo ada wanaijua tarehe yake vizuri sana, zitoe kiwango cha chini cha mshahara kwa mhandisi aliyesajiliwa na zimuulize mwajiri anayekwenda chini yake. Wanaposimamisha mtu kwa kuchelewa ada wana nguvu. Nguvu hizo hizo wazitumie kwa anayetunyonya.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mdau unayesema nifungue kampuni yangu: kusajili kampuni si tatizo. Zabuni inadai miradi ya aina hiyo hiyo uliyokwishafanya, mauzo ya miaka kadhaa, na dhamana ya benki. Miradi niliyoisimamia imeandikwa jina la mwajiri. Hata hivyo, si kila mhandisi lazima awe mfanyabiashara ili alipwe haki yake.

Uliyesema nishukuru, wenzangu wako mitaani: nawajua wenzangu walioko mitaani, wengine wanauza simu Darajani na vyeti viko kabatini. Wanakosa kazi, na kukosa kwao ndiko mwajiri anakotumia kunitisha. Sote ni watu wa dhiki moja.

Dada wa umeme uliyeandika kuwa hotelini wanakuita chifu injinia, jenereta, viyoyozi na mtambo wa kuchuja maji ya chumvi vyote viko juu yako saa 24, na mshahara ni wa fundi: fungua uzi wako tafadhali, nitauchangia. Hilo la kupewa cheo badala ya fedha linastahili kusemwa peke yake.

Na aliyeuliza kama nimemkabili mwajiri: nimeandika barua, nimeomba posho ya makaazi tangu mwezi wa kwanza wa mkataba, nimebakisha nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Majibu ya maandishi bado. Nakala nyengine nitaipeleka kwa Kamisheni ya Kazi wiki ijayo.

Wenzangu mlioko kwenye miradi, wekeni hapa fani yako, miaka yako kazini, Unguja au Pemba, unacholipwa, na kama unakijua, kilichoandikwa kwenye ankara. Jina la kampuni acha. Anayeogopa kuandika hadharani aniandikie pembeni, nitaweka namba zake bila kumtaja.