Tathmini ya mazingira Kenya: baraza moja linatosha?

Mradi kwenye ardhi ya umma ukifanyiwa baraza (mkutano wa hadhara) kabla ya ripoti ya tathmini kukamilika, wananchi wamehesabiwa kuwa wameshirikishwa?

Jibu 1: Hapana. Kutambulisha mradi si kuchukua maoni juu ya ripoti yenyewe. Hapo ndipo mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulipokwama: Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira lilifuta leseni ambayo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilikuwa imetoa.

Jibu 2: Pelekeni NEMA maoni ya maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. "Hatutaki mradi" hupuuzwa kirahisi. Tajeni ukurasa wa ripoti, mseme kilichokosekana: maji taka yataelekea wapi?

Jibu 3: Leseni ikishatoka, rufaa ni ndani ya siku 60. Wengi huchelewa wakingoja mkutano mwingine wa chifu.