Ushauri: tumwambieje mwenzetu atupishe kwenye skwadi kabla msimu wa PUBG haujaisha?

Mwana_Langoni
Salamu alaikum wanajukwaa. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nawaomba msinicheke kwa kuwa jambo lenyewe ni gemu, maana kwangu limeninyima usingizi.

Tuko vijana wanne, tunajuana tangu madrasa. Kila usiku baada ya Isha tunakaa barazani tunacheza PUBG Mobile, lile gemu la simu la kushuka kwa parachuti na kupigana kwa bunduki hadi abaki mmoja au kikosi kimoja. Tunacheza mechi za renki, yaani zile za kupanda daraja kwa pointi. Sote tuko daraja la Crown, na mimi nimebakiza kidogo nifike pointi 4200 niingie Ace, daraja la juu yake. Msimu ukiisha kila mtu anashushwa, na kupanda tena ni kazi ya wiki nyingi.

Tatizo ni mwenzetu mmoja. Tukishuka Pochinki, ule mji wenye vita vingi, anauawa kabla hajaokota bunduki ya maana. Tukikimbia kumuinua, na sisi tunaangushwa pale pale juu yake. Pointi tulizochuma usiku kucha zinakatwa kwa mechi mbili. Wenzangu wawili wamechoka, ila hakuna anayetaka kusema.

Kuna kijana wa Malindi nilikutana naye nilipocheza na watu baki. Ana utulivu, anajua duara la usalama litafungia wapi, na yuko tayari kujiunga. Swali langu ni moja tu: tumwambie vipi mwenzetu atupishe bila kuvunja urafiki?

Mzee_wa_Matanga
Mwanangu, hili si geni kama unavyodhani. Mimi nimepanda jahazi za mashindano hapo hapo Lamu ujana wangu wote. Siku ya mbio nahodha huchagua watu. Nimemwona nahodha akimwacha ndugu yake wa tumbo moja ufukoni kwa kuwa mkono wake mzito kwenye kamba, na jioni wakala sahani moja. Lakini alimwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, asubuhi, kabla ya watu kukusanyika. Hakumpelekea mjumbe. Mwaka mmoja upepo ulitupindua tukiwa wa pili, tanga likatufunika, na aliyenivuta kwa ukosi wa shati ni yule yule aliyekuwa hasemi nami. Basi.

Kar98_Tanga
Mzee shikamoo, ila kijana hakuuliza jahazi.

Mwana_Langoni, mtu anayetafuta Ace anashuka Pochinki kufanya nini? Pale katikati ya ramani ya Erangel hushuka nusu ya ndege. Kwenye mechi za renki kudumu kuna uzito mkubwa kuliko kuua. Shukeni pembeni, chukueni gari, mkae ukingoni mwa duara hadi watu wapungue. Utapanda hata ukiua wawili tu.

Halafu jambo la pili. Mtu hafiki Crown kwa kufa mapema kila mechi. Huyo alikuwa anajua kucheza, kuna kitu kimebadilika. Anatumia simu gani? Pingi yake, yaani mtandao unavyochelewa, ikoje?

Mama_Watatu
Mimi mwanangu yuko hapa Malindi na kila usiku nasikia "niinue, niinue!" Mara ya kwanza nilikimbia nikidhani kaanguka kitandani. Kama huyo kijana wako ni wangu, mwambie ana mtihani. Na nyinyi wa Lamu, alfajiri mnaamka saa ngapi? Bando mnalipa kwa pesa za nani? Mimi nimemwekea mwanangu sheria, saa nne usiku waifai inazimwa, akasirike asikasirike.

Mwana_Langoni
Mama, shikamoo. Bando hatununui, mtandao ni wa kwao huyo huyo mwenzetu, baraza pia ni ya kwao. Kwa hivyo pingi ni sawa kwetu sote wanne. Simu ni simu ya kawaida tu. Naomba tubaki kwenye swali, nimwambie vipi.

Bint_Shela
Subiri kidogo. Unamtoa mtu kwenye skwadi, halafu mnaendelea kukaa barazani kwao mkitumia waifai ya kwao? Atakuwa anawaletea na kahawa?

Kar98_Tanga
"Simu ya kawaida" si jibu. Nimeuliza simu gani, na ameanza lini kufa mapema.

Mwana_Langoni
Sawa, kwa kuwa mnashikilia.

Simu ninayochezea mimi ilikuwa yake. Yangu ilipasuka kioo baada ya Idi, naye akaniuzia yake kwa kulipa kidogo kidogo. Yeye amerudi kwenye simu ya zamani ya dadake. Hiyo simu inaganda mkiwa bado kwenye parachuti. Nyumba hazitokei, anaona uwanja mtupu, anagonga ukuta asiouona. Zikija kutokea, kashapigwa. Akibonyeza kufyatua, risasi inatoka mtu keshapita.

Lakini nataka mnielewe. Sikumnyang'anya. Yeye ndiye aliyetaka, tulikubaliana, na ninalipa, nimebakiza elfu sita tu. Zaidi ya hapo, kumtoa kwa sasa ni kumpumzisha. Anaona haya kila akifa, hacheki tena kama zamani. Akipata simu nzuri atarudi, mimi mwenyewe nitamrudisha.

Na kusema kweli kijana wa Malindi nimeshamwambia aingie Ijumaa. Mwenzetu nimemtoa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp ili asione tunavyopanga, asije akaumia kabla hatujamwambia vizuri.

Bint_Shela
Umeshamtoa! Sasa unatuuliza nini sisi?

Fundi_Mashine
Ndugu yangu, mimi niliuza mashine ya boti kwa mtu wa karibu hivyo hivyo, kidogo kidogo. Akawa anaipita nyumba yangu na abiria wamejaa, mimi nimekaa kwenye ngazi ya gati nasubiri lifti. Deni alilipa lote, sikatai. Lakini zile siku nilizokaa nikitazama mashine yangu inapita hazikulipwa. Mpe simu yake, pesa ulizotoa muhesabiane kama watu wazima.

Mpenda_Ukweli
Mimi nasoma tangu juu na siamini hiki kisa kilivyokaa.

Tazameni anavyoeleza ile simu mbovu. Uwanja mtupu, ukuta usioonekana, risasi inatoka mtu keshapita. Aliyekaa pembeni angesema "simu yake inaganda" akamaliza. Huyu anaeleza kama mtu anayeishika mkononi kila usiku. Tena anajua kwamba mwenzake anaona haya, anajua na kwa nini hacheki.

Mimi nasema aliyeandika ndiye anayetolewa. Amejikuta kaondolewa kwenye kikundi, kaambiwa kuna kijana wa Malindi, akaja kuandika kwa sauti ya rafiki yake ili asikie watu baki watasema nini juu yake.

Kar98_Tanga
Yakhe! Umenifanya nisome upya. Hata pale juu alisema "hakuna anayetaka kusema".

Mama_Watatu
Kama ni hivyo, mwanangu popote ulipo, pole sana. Usiwabembeleze.

Mwana_Langoni
Wallahi mimi ni mimi. Najua inavyoganda kwa kuwa tunakaa bega kwa bega, na usiku mmoja nilimwomba nijaribu mechi moja kwenye simu yake. Nilitaka nione kama anasingizia. Nilikufa Pochinki dakika ya kwanza.

Mpenda_Ukweli
Tuwekee picha ya akaunti yako, Crown na pointi zake.

Mwana_Langoni
Siwezi kuweka jina la akaunti hapa, jamaa zetu wengi wanasoma jukwaa hili. Aamini anayeamini.

Kar98_Tanga
Basi nachukulia ni kweli, na nakujibu hivyo hivyo. Wewe mwenye kubakiza kidogo uingie Ace, ulishika simu ile ukafa dakika ya kwanza. Sasa aliyeshuka kiwango ni nani hapo? Kijana wa Malindi naye mpe simu hiyo uone kama atajua duara linafungia wapi.

Fanyeni hivi usiku wa leo. Kwenye simu ya dadake wekeni picha kwenye Smooth, ile nyepesi, vivuli vizimwe, ramani msizocheza zifutwe, na programu nyingine zifungwe kabla ya kuingia. Kama simu imejaa video za harusi, zihamisheni. Halafu msishuke mjini. Mkiwa mbali na watu simu inapata muda wa kutoa nyumba kabla ya vita kuanza. Na yeye apewe kuendesha gari na kuinua watu, asitegemewe kufyatua. Mechi za majaribio zichezeni zile zisizo na renki, pointi zako zibaki pale pale.

Fundi_Mashine
Au wabadilishane simu. Leo wewe, kesho yeye. Si bado yake mpaka elfu sita iishe?

Mwana_Langoni
Hiyo ya kubadilishana ni ngumu, nimeshazoea mpangilio wa vidole vyangu na jairoskopu, ile ya kulenga kwa kuinamisha simu, nikipumzika siku moja tu mkono unapotea. Hayo ya Smooth na kushuka pembeni nitajaribu naye.

Mzee_wa_Matanga
Kikundi cha WhatsApp umemrudisha?

Mwana_Langoni
Bado, mzee. Nikimrudisha sasa ataona kwamba alikuwa ametolewa.

Bint_Shela
Ameshaona. WhatsApp ikikutoa, kikundi kinabaki hapo hapo kwenye simu yako na kinakwambia.

Mzee_wa_Matanga
Na elfu sita?

Mwana_Langoni
Mwisho wa mwezi, Inshallah. Na kijana wa Malindi nimemwandikia sasa hivi asubiri kidogo. Sijamwambia asije.